Wabishi Wawili na Kiwanda Kimoja

Kiwanda cha Magodoro,
S.L.P. 318.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo! Nakuandikia nikiwa ofisini, mashine zimelala na hakuna wa kuniita. Magoti yako yanasemaje? Binamu ameniambia daktari amekukataza ngazi, nawe unazipanda kila akigeuza kisogo. Mwonee huruma daktari, Shangazi. Na yule mjukuu mdogo, ameshaota meno ya mbele au bado anacheka kikibogoyo?

Sisi huku ni wazima. Mama amepona kikohozi. Baba ni mzima kama chuma, na mgumu kupinda kama chuma hichohicho.

Sasa kaa vizuri, uweke na chai karibu. Habari niliyo nayo ni ndefu, na wewe mwenyewe umo ndani yake ingawa hujui.

Unamkumbuka yule fundi mkuu wa kukata sponji, aliyekuwa akikuita Dada Mkubwa enzi zile tumepanga kibanda cha mabati? Siku hizi mji mzima unamwita Springi. Aliondoka kwetu miaka kumi na tisa iliyopita, baada ya kumshauri Baba tutengeneze magodoro ya springi. Baba alimjibu mbele ya mafundi wote, "Mtu si nguo, haanikwi kwenye waya." Akaondoka na washonaji wawili, akafungua kiwanda chake mtaa wa chini. Tangu hapo wamekuwa wakionana misibani tu, tena kwa kutikisiana kichwa.

Basi mwaka jana kampuni kubwa ilifungua duka la vioo pale kwenye mzunguko wa barabara. Wanauza godoro lililobanwa na kukunjwa ndani ya boksi. Ukilifungua linavimba lenyewe. Baba alikwenda kuliona, akarudi amenuna. "Godoro linatoka kwenye boksi kama kiatu! Na likitoka la mguu mmoja?"

Alicheka peke yake, maana sisi tulikuwa tunaiona stoo. Ilijaa hadi darini. Ilipofika Novemba tulikuwa tunafanya kazi siku nne kwa wiki, na mafundi wakaanza kuniuliza maswali kwa macho.

Nikakaa na kalamu, nikapiga hesabu zetu na za Springi kwa kadiri nilivyozijua. Yeye ana wateja wazuri, hoteli na hospitali, lakini amepanga jengo dogo mpaka springi zinalala uani zikiota kutu, na kodi inamla. Sisi tuna nafasi, mashine na jina, ila tunauzia maduka tu, na maduka ndiyo yanayokimbilia maboksi. Kila mmoja peke yake alikuwa anazama. Wakiungana, huenda wakaelea.

Nilimuaga Baba kwamba nakwenda kununua zipu, nikaenda moja kwa moja kwa Springi. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza, "Baba yako anajua uko hapa?"

"Anajua nimekwenda kununua zipu."

"Basi chukua zipu," akasema, akafungua kabati lake. "Usirudi nyumbani mwongo."

Nilipomweleza Baba, hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu, tukiwa mezani, akauliza kama anayeuliza habari za mvua, "Zipu zake anauza bei gani?" Nikajua mlango umefunguka.

Tukamtafuta mthamini wa makampuni, mama mmoja mfupi mwenye viatu vya kelele, ambaye mafundi walimbatiza Bi Kalkuleta. Alikaa wiki mbili kwetu na wiki mbili kwa Springi. Baba alimtembeza kwenye kila mashine, akimweleza ilinunuliwa lini na ilikuwa inang'aa vipi. Bi Kalkuleta akamwambia kwa upole, "Mzee, mashine ni manyoya. Mimi natafuta mayai. Nataka kujua kiwanda hiki kitaingiza nini mwaka huu, na ujao, na ule wa baadaye."

"Basi mhesabu vizuri," Baba akajibu, "maana huyu kuku ana miaka thelathini na moja na hajawahi kukosa kutaga."

Alipomaliza alituambia kiwanja chetu na jengo lake ndivyo vinavyotupa uzito. Ukijumlisha na mashine na jina, sisi tungepata hisa hamsini na nane katika kila mia, Springi arobaini na mbili. Baba alikuwa anataka sabini. Springi alikuwa anataka nusu. Ndipo tukapanga waonane.

Tulikodi chumba juu ya duka la miwani, mahali ambapo si pa huyu wala pa yule. Mkutano ulikuwa saa nne. Kila mmoja alitaka kufika kwanza ili mwenzake amkute ameshakaa. Mimi na Bi Kalkuleta tulipofika saa nne kasorobo tuliwakuta wote wawili wamekaa kwenye ngazi, nje ya mlango uliofungwa, hawasemezani, huyu anatazama ukuta na yule anatazama viatu vyake.

Siku hiyo walibishana mpaka saa nane. Kuhusu wafanyakazi hawakubishana hata kidogo: watu arobaini na sita wote wabaki, hata kama tutakuwa na watunza stoo wawili. Lakini jina la kampuni! Lipi litangulie kwenye lebo! Na nani awe juu ya nani! Springi alisema hatarudi kuwa fundi wa mtu. Baba alisema hakuna aliyemwita. Tukaahirisha.

Kabla ya mkutano wa pili Bi Kalkuleta aliomba hati halisi ya kiwanja. Baba akasema ufunguo wa kabati umepotea. Kesho yake bado umepotea. Siku ya tano Mama akanivuta jikoni, akautoa ufunguo kwenye kopo la chumvi, akanitia mkononi. "Nenda kasome," akasema. "Mimi nimechoka kuutunza."

Shangazi, hati ile ina jina lako. Majina yako yote matatu.

Nilimfuata Baba kwenye chumba cha kushonea, nikamkuta amekaa juu ya godoro lisilo na foronya. Hakuuliza nimeshika nini. Akanieleza kwamba ulipostaafu uuguzi na kusafiri, ulimwachia kiinua mgongo chako pamoja na barua ya kumruhusu atie saini kwa niaba yako. Ukamwambia anunue mahali pa kufanyia kazi. Alinunua, akaandikisha jina lako, kwa kuwa pesa zilikuwa zako. Alikusudia kukuandikia wiki ileile. Wiki ikawa mwezi. Kiwanda kikakua, watu wakaanza kusema "kiwanja cha Mzee", naye akaacha waseme. Mwisho akawa anasema mwenyewe.

Sasa nitakuungamia langu. Nilimwambia Baba tunyamaze. Tutie saini kwanza, kisha nikuandikie kimyakimya ubadilishe jina, kwani wewe usingekataa. Nilijiona mwerevu sana.

Baba akaichukua hati mkononi mwangu. "Yule kijana aliondoka kwangu akiniita mbishi," akasema. "Akaniita mgumu wa kichwa. Akasema naogopa mambo mapya. Lakini mwongo hajaniita. Nianze leo, na mvi hizi?"

(Yule kijana ana miaka hamsini na nne, Shangazi, na kipara.)

Mkutano wa pili Baba hakungoja salamu zimalizike. Aliweka hati mezani, akasema kiwanja si chake, ni cha dada yake, na ameficha miaka ishirini na minne. Bi Kalkuleta akaandika, akakata, akaandika tena, kisha akasema bila kiwanja upande wetu haufiki arobaini. Kwa hesabu hiyo Springi ndiye angekuwa mkubwa. Angeweza kutumeza siku ileile.

Springi aliomba maji, akanywa glasi nzima, akasema anahitaji kufikiri. Akaondoka. Usiku ule hakuna aliyemaliza chakula nyumbani kwetu.

Jumanne asubuhi nikasikia cherehani zinanyamaza moja baada ya nyingine. Nikachungulia dirishani kwangu: Springi amesimama katikati ya chumba cha kukatia, peke yake, kofia mkononi. Alikuwa hajakanyaga humu miaka kumi na tisa. Mshonaji mzee wa cherehani ya tatu akamwambia, "Umechelewa kazini leo." Chumba kizima kikaangua kicheko, naye akacheka mpaka akajifuta macho.

Kisha akapanda kwa Baba. Mlango haukufungwa, kwa hiyo nilisikia.

"Mzee, ningekuwa mimi, ningenyamaza," akasema. "Ndiyo maana sikulala. Ile hoteli kubwa inayonipa nusu ya kazi yangu, mkataba wake unaisha mwezi wa tano, na wameshaagiza boksi la kujaribia. Bi Kalkuleta sikumwambia."

Baba akasema, "Kumbe wote tumevaa shati bila mgongo chini ya koti." Nilisikia kiti kikivutwa, kisha Baba akamuuliza springi moja inahimili uzito gani. Walishuka saa saba wakibishana kuhusu springi, mikono imejaa michoro, na mimi nikajua tumepona.

Hoteli tulikwenda kuiona wote watatu, na godoro jipya: springi za Springi chini, sponji ya Baba juu. Meneja alijilaza ajaribu kidogo tu, simu yake ikaita mara mbili asiipokee. Ametupa mwaka mmoja mwingine. Si mingi, ila ni mwaka.

Sasa ndipo ulipo wewe. Tunapendekeza Baba na Springi wachukue hisa thelathini na tano kila mmoja, na wewe thelathini kwa kiwanja chako. Hutaki hisa? Tutakulipa kodi ya kila mwezi, kwa bei atakayopanga mthamini utakayemchagua mwenyewe. Unataka kuuza? Hiyo pia ni haki yako, na tutatafuta pengine. Tafadhali usituonee haya. Mpe mwanasheria wa huko asome kila karatasi niliyoambatanisha.

Ukiacha la wafanyakazi, kuna jambo moja tu hawa wawili walilokubaliana bila kubishana. Bi Kalkuleta aliuliza mwenyekiti awe nani, mtu ambaye wote watamtii wakigombana. Wakakutaja wewe kwa mpigo mmoja, kisha wakatazamana kwa hofu.

Nisalimie Binamu na mumewe, na wajukuu wote, hasa kibogoyo. Mama anakusalimu sana. Mshonaji wa cherehani ya tatu anauliza kama bado unaimba, kama siku ulizokuwa ukija kutusaidia kibandani. Mungu akulinde, ayape magoti yako nguvu, na atupe siku ya kukaa nawe meza moja.

Ni mimi mwanao nikupendaye kwa moyo wote,
Chiriku

Baba alianza kukuandikia mara tatu, akachana mara tatu. Ameomba nimwachie nafasi hapa chini. Mwandiko huu ni wake:

Dada, nilipaswa kukuambia mwenyewe, zamani. Kiwanja ni chako. Ukisema ndiyo, ni chako. Ukisema hapana, ni chako. Nisamehe. Mdogo wako.