Kijizimwi Aliyepewa Buti

Viroqua, Wisconsin
9 Februari 1983

Mpendwa Bibi Haugen,

Naahidi kukueleza yote, hata yanayoniaibisha, kisha naomba msaada wako, kwa kuwa ndiwe uliyetufundisha mchezo huu. Mimi ni msimamizi wa mchezo wa kuigiza tunaoucheza kila Jumamosi katika chumba cha chini cha kanisa letu, kwa dadu na maneno tu, na kila mchezaji ameandika kwenye karatasi ya mhusika wake mwelekeo wake, yaani kama ni mwema au mwovu, mshika sheria au mpenda vurugu. Wendell ni askari wa upanga, mwema na mshika sheria, na rafiki yangu Colleen ni mganga, na Jumamosi iliyopita walimkamata kijizimwi aliyetupa mkuki chini akapiga magoti, nami, ninayewasemea viumbe wote wa mchezo, nikamsemea kwa sauti ya mafua, Colleen akacheka, akampa mkate na buti zake za akiba, akaanza kumfundisha kuhesabu, ndipo Wendell akasema, "Namkata kichwa."

"We Wendell, amesalimu amri!"

"Kitabu kinasema vijizimwi ni waovu," akajibu, akatuonyesha ukurasa. "Mimi ni mwema. Nifanyeje, nimbusu?"

"Amevaa buti zangu!"

"Basi mvue kabla hazijalowa damu."

Wavulana wengine mezani wakacheka, Wendell akarusha dadu, kijizimwi akafa, Colleen akavaa koti akatoka na kuacha bisi zake, na sasa shuleni anakula peke yake na kusema hatarudi kwenye mchezo unaomruhusu mtu kuua kwa sababu ya neno moja kitabuni. Nilipomwambia Wendell kwamba nataka kufuta mwelekeo kwenye karatasi zote, alisema, "Ukifuta, sirudi. Bila neno 'mwovu', utakuwa umenifanya muuaji hivihivi."

Bado natumaini kuwaona wote wawili mezani. Je, nifute au niache? Tafadhali nijibu kwa posta ya kwanza, nipate jibu kabla ya Jumamosi.

Wako,
Ingrid Sletten

*

Ingrid,

Usifute kitu. Pole kwa kumkosa rafiki yako, lakini niambie: msimamizi hapo ni nani, wewe au kitabu? Kitabu kinaeleza vijizimwi huwaje kwa kawaida. Huyu wako alipiga magoti na kuanza kuhesabu, na wewe uliyekuwa kinywa chake ukanyamaza mara tu ulipoonyeshwa ukurasa. Hapo ulikosea.

Wendell naye alisoma mwelekeo wa kijizimwi akasahau wake. Ni nani aliyeandika "mshika sheria"? Sheria gani inamruhusu askari kumchinja mateka aliyekwisha kupewa mkate? Faida ya mwelekeo ndiyo hiyo: ni ahadi aliyoitoa mtu mwenyewe mbele ya meza, na wenzake wana haki ya kumuuliza kama ameitimiza. Ukiufuta, umemwachilia asiulizwe.

Lakini msikilize vizuri. Mtu asiyejali haogopi kuitwa muuaji. Kwa hiyo usimwadhibu, wala usimnyang'anye upanga. Mchezoni, mfikishe ngomeni kwa bwana anayemtumikia, naye amuulize mbele ya wote, "Mateka yule alikuomba nini?" Kisha nyamaza, hata kimya kikizidi. Mwache ajibu.

Kwa Colleen usipige simu. Vaa kofia yako uende kwao leo, na usijaribu kumtetea Wendell. Mwambie kuna kijizimwi mwingine amesimama mlangoni pa ngome, mdogo kuliko yule, amekuja kuchukua buti za kaka yake, na hataki kusema na mtu yeyote ila mganga.

Mwambie na hili: hajui kuhesabu.

Bibi Haugen