Dole gumba la mwalimu

Chang'ombe, Jumanne jioni

Wiki ya sita sasa mke wangu ananifunga bendeji mkono wa kulia, kuanzia vidoleni hadi begani. Daktari alieleza kuwa mbano huo huuamsha mkono uliolazwa na kiharusi. Nimemwamini, maana sina mwingine.

Leo karani wa ardhi alileta fomu ya hati ya shamba letu la Chanika, akafungua kikasha cha wino.

"Weka dole gumba la kulia tu, mzee. Yatosha."

Mimi, niliyewafundisha watu wazima wa mtaa huu kuandika majina yao ili waachane na wino huo.

Mke wangu alinifungua, akalibonyeza dole kwenye karatasi. Sikuhisi kitu.

Aliponifunga tena nilimwambia akaze zaidi.

"Baba Rehema, nikizidisha utaumia."

Ndicho ninachokiomba, niumie.