Nilimshika mkono kabla ya shikamoo

Jumamosi, Kibaoni

Bado naona aibu. Mimi ninayeshindwa hata kumwomba jirani chumvi, leo nimemshika mtu mzima mkono bila kumsalimia.

Mama Upendo wa stesheneri alichoshwa na Windows nzito, akataka Linux. Nilimchagulia Mint, aina ya Linux iliyo nyepesi na rahisi, maana kompyuta yake ni ya zamani na yeye ndiyo kwanza anajifunza. Leo nafika dukani, kumbe ameanza kuiweka mwenyewe kwa flashi niliyomwachia. Kila swali la Kiingereza anabonyeza kukubali tu, asionekane mbishi. Skrini ilikuwa inauliza kama ifute diski yote, na rekodi za kwaya ya kigango chao hazipo popote pengine.

Nikamdaka mkono. "Mama, usibonyeze."

"Shikamoo yangu umeiacha nyumbani?"

"Shikamoo. Itafuta kwaya yote."

Akaiachia mausi taratibu kama kaa la moto. Tukahamisha rekodi kwanza, ndipo tukaendelea. Jioni mashine ikawaka vizuri, akafungulia wimbo, akaimba sauti ya pili huku anatoa kopi za wateja.

Ameshamwambia fundi cherehani wa jirani alete na kompyuta yake. Nitalazimika kuongea tena na mtu nisiyemzoea. Nimekubali kabla sijapata muda wa kuogopa.