Bati Lililosifiwa Siku Moja

Mjukuu wangu Achieng,

Hapa Dunga tu wazima, na babu yako bado anabishana na redio. Unaniuliza kama mchimbe chini ya nyumba yenu huko Uswidi, ili udongo uwape joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa joto, ingawa kuchimba ni ghali.

Miaka ya themanini, nikiwa nimeolewa juzi tu, tulibomoa nyumba yetu ya nyasi tukajenga ya mabati. Mama mkwe wangu alikataa kubomoa yake. Wageni walisimama njiani wakaisifu yetu, halafu saa saba mchana wote wakaenda kukaa kwake, kando ya mtungi aliouzika nusu ardhini. Mimi nilibaki ndani na kiburi changu, jasho likinitiririka. Siku ya tatu nikamfuata.

"Binti wa Usenge," akasema, akiniita kwa jina la kijiji nilikozaliwa huku akinichotea maji, "kutafuta nyasi za kuezekea hunichosha wiki moja, kisha napumzika. Wewe utachoka kila mchana."

Mabati hayavuji, sikatai. Lakini msiulize bei peke yake. Jiulizeni mtakaa hapo miaka mingapi. Mimi nimekaa arobaini chini ya bati ambalo wapita njia walilisifu siku moja.

Nyanya yako