Darsa Langu Juu ya Makafiri

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Leo nimeisikia sauti yangu ikitoka dukani kwa Nasri. Sauti nene, haina kikohozi. Nilikuwa kibarazani, binti yangu Hasina ananikata kucha. Nikamwuliza, nani huyo? Akasema, ni wewe, baba.

Ni mimi! Nasri, mwanawe Hasina, kaikuta kanda kwenye sanduku la vitabu, kaihamishia kwenye simu. Darsa nililotoa msikitini hapa Maramba mwaka 1989, juu ya makafiri. Amekuja mbio baada ya adhuhuri: shikamoo babu, darsa lako limefika Horohoro, limefika Mombasa, watu wanauliza kama sheikh huyu yu hai.

Nilifurahi. Naandika ukweli, kwani moyo umechoka na daktari hakunificha. Nilifurahi kama mtoto aliyesifiwa.

Kisha nikayasikiliza maneno yenyewe. Kafiri usile kwake. Usicheke naye. Usibebe jeneza lake.



Jumatano, 9 Oktoba

Anjela amefariki alfajiri. Mke wa Ernesti, jirani yangu — kati yetu ua wa michongoma tu. Wazazi wa Ernesti walitoka Kigoma, manamba wa mkonge. Yeye akawa fundi wa mashine pale shambani, mimi mwalimu wa shule. Tumezeeka pamoja.

Hasina alipozaliwa mama yake alilazwa, hajiwezi. Anjela ndiye aliyemnyonyesha, pamoja na mwanawe. Mwezi mzima. Kwa sheria yetu huyo ni mama yake. Mama wa ziwa, hana kasoro.

Hapa kwetu Wakristo wakiwa na shughuli humwita Mwislamu achinje, ili chungu kiwe kimoja na wote wale. Kwa Ernesti mchinjaji nilikuwa mimi. Krismasi, kipaimara cha watoto, msiba wa mama yake. Leo katuma salamu: mbuzi yupo, kisu kimenolewa, na kama mkono wa Maalim umechoka amtume Nasri.

Mkono hauinui hata birika. Nikamwita Nasri. Kainama, kisha akasema: babu, si wewe uliyekataza?

Nikasema, hiyo ilikuwa zamani.

— Kwani haki ina zamani, babu?

Hiyo nayo ni sentensi yangu! Iko upande wa pili wa kanda.

Alhamisi, 10 Oktoba

Wamemzika Anjela. Hasina alikwenda, amerudi macho mekundu.

Mchinjaji hakupatikana. Mmoja ana safari, mwingine mgongo, wa tatu kasema wazi kwamba amesikia darsa. Wakachinja wenyewe. Waislamu wachache waliokwenda walikaa upande, hawakugusa sahani. Vijana wa msikitini, ambao siku zote huchimba na kubeba, hawakuonekana. Jeneza lilibebwa na wazee wa jumuiya, wanapumzika kila hatua chache.

Ernesti kamwuliza Hasina swali moja tu: mwanangu, ile sauti kwenye simu ni ya Maalim kweli?

Hasina akaanza kukusanya vikombe. Ernesti akasema, basi nimejua.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo nina nguvu kidogo. Niandike yale niliyoyaacha nje ya darsa.

Nililijua neno hili, kafiri, kuliko mtu yeyote Maramba. Nililisoma Unguja, mzizi wake na matawi yake. Nilijua kwamba asili yake ni kufunika, na kwamba Kurani katika Sura ya Hadidi inawaita hivyo wakulima, wanaofukia mbegu udongoni. Nilijua kwamba mara nyingi linasimama mkabala na shukrani: ni yule anayetendewa wema akaukana. Ndiyo, linamhusu pia anayeikanusha imani, hilo sikatai. Lakini nilijua vilevile kwamba Firauni alimtupia Nabii Musa neno hilohilo — tumekulea kwetu, nawe u miongoni mwa makafiri. Firauni! Sikulitaja hilo. Lingewapoza.

Nilijua na safari zake. Hapa pwani liligeuka jina la kila mtu wa bara, na aliyeitwa hivyo aliweza kufungwa kamba. Bibi yangu mzaa baba alitolewa Uzigua mtoto, akafikishwa Pangani. Wenye nyumba walimwita kafiri mpaka alipojua kusali. Ndipo wakamwita Semeni. Jina alilopewa na mama yake halijui mtu. Mimi ni mjukuu wa kafiri, na nilisimama kwenye mimbari kama niliyeshuka Makka.

Likaenda kusini, makaburu wakamwita hivyo kila mtu mweusi, asali asisali. Korogwe nilifundisha na mkimbizi mmoja wa Afrika Kusini. Siku moja nililitamka katika chumba cha walimu, kwa mzaha tu. Akaweka kikombe chini, akatoka nje. Baadaye akaniambia: ndugu yangu, neno hilo mimi nimepigwa nalo. Nilimwomba radhi. Na miaka kumi na kitu baadaye nikatoa lile darsa!

Kwa nini? Si kwa dini. Alikuja kijana aliyesoma ng'ambo, anahubiri uwanjani kwa kipaza sauti. Safu zangu zikapungua. Watu wakanong'ona kwamba Maalim Idarusi amepoa, anawachinjia Wakristo. Basi nikawapa walichokitaka. Ijumaa ile walijaa mpaka nje, wengine juani.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa Ernesti kunywa chai. Anjela akanikaangia maandazi. Nikala manne.

Jumanne, 15 Oktoba

Nilimwomba Nasri anirekodi upya. Nikasema yote: wakulima, Firauni, bibi yangu, Anjela na ziwa lake. Nikasema aliyelisambaza lile la kwanza asambaze na hili. Kikohozi kilinikatiza mara nyingi.

Nasri kasikiliza, kasema: babu, hii tuiache kwanza.

Hasina akamnyang'anya simu, akaituma mwenyewe kwa kila anayemjua. Sikujua binti yangu ana hasira kiasi hicho.

Majibu yamekuja jioni. Sauti hii siyo ya sheikh. Imetengenezwa na akili bandia, wametumwa kumchafua. Mwingine kasema, ya kweli ni ile ya kanda, isikilizeni, ina nguvu ya imani.

Nimezushiwa kwamba si mimi — na mimi ndiye niliyeyafundisha masikio hayo kusikia!

Ijumaa, 18 Oktoba

Badru amekuja baada ya sala, na wazee wawili. Amekubali kwamba sauti ni yangu. Nilidhani ni nafuu. Si nafuu.

Badru alikuwa mwanafunzi wangu, leo ndiye imamu wetu. Nilimshika mkono kwenye alifu. Akapiga goti vizuri: shikamoo Maalim. Tumekuja kwa wema. Watu wanasema umewatetea makafiri, na wengine — astaghfirullah — wanakuita hivyo wewe mwenyewe. Tunaomba utamke shahada mbele yetu, Nasri arekodi, tufunge mdomo wa watu.

Nikasema: nimetoka wapi hata niingie tena?

— Kama hukutoka, Maalim, itakugharimu nini?

Nikamkumbusha hadithi niliyomfundisha: anayemwita mwenzake kafiri, neno linamrudia mmoja wao. Akasema ndiyo, anaikumbuka. Ndiyo maana wanataka kujua limerudi kwa nani.

Alipokuwa akivaa viatu akasema taratibu, tusije tukapata tabu siku yako. Maana yake ni jeneza langu. Maana yake ni nani atasimama kunisalia.

Hasina analia jikoni. Baba, sema tu! Si maneno unayoyasema kila siku?

Ndiyo, binti yangu. Nayasema kila siku, kwa Mungu. Nikiyasema kwa Badru nakiri kwamba nilitoka, na kwamba kilichonitoa ni kumlilia Anjela. Nisipoyasema, mtanizika watu wawili tu.

Naogopa. Wacha niandike hivyo. Naogopa kulala mbele ya msikiti wangu na hakuna anayesema Allahu akbar.

Jumapili, 20 Oktoba

Ernesti amekuja baada ya misa. Mara ya kwanza tangu msiba. Amekaa kwenye kiti cha ukili, kofia mapajani, amekonda. 

Yeye akaanza: Maalim, nasikia umejiunga na sisi.

— Nani kasema?

— Mji mzima. Makafiri wawili kwenye chumba kimoja. Tuombe padri atupunguzie sadaka?

Nilicheka mpaka kifua kikauma. Kisha nikamwambia, ile sauti ni yangu. Akasema najua. Nikamwambia, nilikula maandazi ya Anjela kesho yake. Akaigeuza kofia mapajani. Akasema: hilo alilijua, Maalim. Alilisikia darsa siku ileile kwa kipaza sauti cha msikiti, akiwa dirishani. Akaniambia, mwache ale, mtu akishakula atajirudi.

Miaka yote hiyo! Nilikuwa nachinja, nakula, nacheka — naye anajua.

Nikamwuliza kuhusu Badru. Akasema: sema shahada, mzee. Mimi ningekubeba peke yangu, ila mgongo umekwisha, nawahitaji hao vijana. Nikamwangalia kama anatania. Hakuwa anatania. Macho yalikuwa yamejaa.

Badru na wazee wake wamefika sasa, wanataka jibu. Naandika huku nawasikia kibarazani. Hasina anawapa kahawa kuwachelewesha. Nasri yuko dirishani, simu ameishika juu. Badru anasema kwa adabu kwamba wangependa mgeni awapishe kwanza, ni jambo la Waislamu.

Ernesti amesimama, anatafuta fimbo yake. Nimeikalia, iko chini ya shuka yangu. Nimemwambia akae: lolote nitakalosema, nitalisema yeye akiwepo.

Shahada iko mdomoni, nimeamka nayo.

Badru anavua viatu.