Supu ya Krismasi ya Wifi Yangu

Maskati, Ijumaa, 25 Desemba 1970

Asubuhi palikuwa na kibaridi, mchana jua halikuwa kali, na sasa baada ya magharibi upepo umetulia kabisa. Siku nzuri. Nimeanza na hali ya hewa makusudi, maana mkono wangu wa kulia umevimba na herufi zinapinda, na nikija kusoma haya baadaye nisije nikadhani nilikuwa na homa.

Leo nimemvunja mkono mdogo wangu Harith. Nimempiga kwa mchi wa kinu, jikoni, mama yetu akiwa chumba cha pili.

Sijajuta.

Harith ndiye kitinda mimba wetu. Alikwenda Italia kusoma uhandisi tukiwa bado Unguja, na damu ya Januari ile, mwaka wa sitini na nne, ilimwagika yeye akiwa mbali. Baba aliuliwa kwa mapanga uani kwetu. Mimi na Mama tulikuwepo. Harith alipata habari kwa simu ya maandishi, akalia huko huko kwa watu wasiomjua baba yetu. Sisi tukakimbilia Dubai, na mwaka huu, nchi hii ilipofungua milango yake, tukaja Maskati kwa jamaa. Harith akatufuata Septemba. Akapata kazi serikalini, akatupangia nyumba hii ya mtaa wa Wadi Kabir, na akatuletea mke.

Mkewe anaitwa Mirella, wa mji wa Bologna. Nilijitayarisha vizuri sana kumchukia. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno. Lakini ni vigumu kumchukia mtu anayeingia jikoni kwako asubuhi, anakunja mikono ya nguo, anakutazama unachofanya, kisha anafanya vile vile bila kuuliza. Ana mikono mikubwa kama ya seremala. Kiswahili chake ni kile alichofundishwa na Harith, maneno mawili matatu kwa wakati mmoja, na kinamtosha. Ramadhani alifunga pamoja nasi na wala hakulazimishwa, na sikukuu ilipofika alikaanga kaimati mpaka macho yakawa mekundu kwa moshi.

Ndiyo maana aliposema anataka kupika Krismasi yao, Mama alikubali. Alisema mtoto wa watu kashika sikukuu yetu, nasi tutaishika yake, hatutapungukiwa na kitu. Ami Khalfan, ndugu yake marehemu Baba, alinuna kidogo. Lakini Ami akisikia kuna chakula, kununa kwake hakuchukui muda, akasema atakuja baada ya sala ya Ijumaa.

Kuna jambo moja katika nyumba yetu ambalo kila anayeingia lazima aambiwe. Mama hawezi kuona damu. Tangu Januari ile hakuna kitu kilichochinjwa mahali alipo yeye. Nyama tunaletewa imeshaoshwa, mbuzi wa Idi alichinjiwa kwa Ami, na mimi nikijikata kidole nakificha ndani ya kanga. Akiona damu huanguka chini na kupiga kelele, na kelele zile mimi nazijua zinatoka siku gani. Mirella alishaambiwa. Aliambiwa na mumewe, kwa lugha yao.

Wiki nzima alikuwa akipika. Keki ya tende, lozi na asali, nyeusi, nzito kama tofali, ambayo alisema lazima ilale siku kadhaa ndipo iwe na maana. Jibini aliyokuja nayo kwenye sanduku, ngumu kiasi kwamba tuliivunja kwa nyundo. Jana tulishinda tukitengeneza tortelini, ambazo nikitaka kumweleza mtu wa kwetu nitasema ni sambusa za mwanasesere. Unga na mayai unasukumwa mpaka unaona mkono wako upande wa pili, unakatwa vipande vidogo, kila kipande kinatiwa nyama kiasi cha punje ya mbaazi, kinafungwa na kuzungushwa kwenye ncha ya kidole. Kwao hutia nguruwe. Yeye alitia ng'ombe aliyetoka kwa mchinjaji wetu, jibini na kungumanga. Mama alisikia harufu ya kungumanga, akaja mwenyewe jikoni, akakaa kwenye kibao akafunga na yeye. Tulijaza sinia tatu. Sijamwona Mama akifanya kazi huku anaimba tangu tuondoke Unguja.

Tortelini hizo, kwao, zinaliwa ndani ya supu ya jogoo, na siku ya Krismasi bila supu hiyo si Krismasi. Mirella alikuwa amenunua majogoo wawili sokoni Matrah akawafunga nyuma ya nyumba, akiwalisha wali. Mimi nilijua Harith atawapeleka kwa mchinjaji kama tunavyofanya siku zote. Harith naye, kama alifikiri lolote, alifikiri mimi nitashughulika.

Leo alfajiri Harith alitoka kwenda kwa Ami. Mimi nilikuwa nachota maji. Niliporudi, majogoo walikuwa wameshanyonyolewa na kuoshwa, weupe, wametulia ndani ya sufuria pamoja na vitunguu. Uani hapakuwa na tone la damu. Nikasema moyoni, Mirella huyu ni hodari, kaamka mapema kuliko sote akawapeleka na kuwarudisha.

Supu ile ilichemka asubuhi nzima. Niliionja sijui mara ngapi. Ilikuwa tamu, na sitasema uongo leo.

Baada ya sala wakaja Harith na Ami Khalfan. Tulikula sote chumba kimoja, Mama alitaka hivyo. Ami alinywa bakuli la kwanza kimya, la pili akaanza kusifu. Mirella alikuwa amesimama mlangoni na kijiko kikubwa, amefunga kanga ya Mama kiunoni, uso umemng'aa. Harith alikuwa anatabasamu kama aliyepika yeye. Mama akala akamaliza, akaenda kujinyoosha kidogo chumbani.

Ami akauliza, kwa wema kabisa, kama anavyouliza mgeni yeyote anapotaka kusifia, nani kachinja.

Mirella alilielewa swali. Alifurahi kuulizwa. Akaweka kijiko chini, akanyoosha mikono yake miwili mbele yetu, mmoja juu na mmoja chini, akasokota.

"Mimi," alisema. "Kama bibi yangu."

Ami aliweka bakuli mkekani taratibu, akaomba maji, akatoka kwenda kusukutua. Tulikuwa tumekula kibudu, nyama ya mnyama aliyenyongwa, siku ya Ijumaa, tumetoka kusali.

Ami hakugomba, na hili nataka liandikwe. Aliporudi alisema aliyekula bila kujua hana dhambi, na aliyepika bila kujua vile vile. Alisema Mirella ni mtu wa Kitabu, angeshika kisu tu tungekula bila wasiwasi wowote. Akacheka kidogo, akashika fimbo yake akasema anakwenda kupumzika kwake, tukimaliza kumwaga tumwite anywe kahawa. Mtu mzima alikuwa ameshalimaliza.

Harith hakulimaliza. Nilimwona usoni. Alikuwa haoni supu wala dini, alikuwa anamwona ami yake akisukutua kinywa kwa ajili ya chakula cha mke aliyemtoa Ulaya. Alimsindikiza Ami mpaka mlangoni kwa adabu zote. Kisha akamfuata mkewe jikoni.

Nilisikia kofi kabla sijasimama. La pili halikuwa kofi, lilikuwa ngumi. Nilipofika amemkamata nywele, anamgonga kichwa kwenye fremu ya mlango wa stoo, na anasema maneno ya Kitaliani ambayo sikuyajua wala sikuhitaji kuyajua. Mirella aliangukia sinia mojawapo ya tortelini zilizobaki. Harith akampiga teke tumboni. Akampiga teke jingine. Sufuria ya supu ilipinduka, mchuzi wa moto ukatambaa sakafuni, na mdogo wangu akasimama ndani yake na viatu vyake vya ofisini akiendelea kupiga.

Nilimvuta shati. Kiwiko chake kikanipata mdomoni. Hata hakugeuka kutazama ni nani.

Hapo ndipo nikashika mchi.

Nitasema kweli, maana kama siisemi hapa sina pa kuisema. Nililenga kichwa. Alisogea, nikapata mkono, juu ya kiwiko, na nikasikia mlio kama kuni kavu, nami kifundo cha mkono kikateguka. Nilikuwa na nguvu ambazo sikuzijua, na zilitoka mbali, zilitoka Unguja, siku nilipokuwa nyuma ya mlango nikimsikiliza baba yangu na mikononi sina kitu. Harith alipopiga kelele nilifurahi. Nikanyanyua mchi tena, na ningempiga tena.

Mirella ndiye aliyenizuia. Alishika kanga yangu, akajivuta kwayo mpaka akasimama. Mdomo ulikuwa umepasuka, damu inamtiririka kidevuni, inashuka kifuani, inadondokea unga. Hakunitazama mimi. Alimtazama mumewe na akasema kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie.

"Wewe umesema, hakuna damu. Kwa Mama, hakuna damu."

Alinyoosha tena ile mikono yake, mmoja juu na mmoja chini, akasokota.

Ndipo nikaelewa. Alikuwa amekaa na lile sharti la mumewe akilifikiria, akakumbuka bibi yake huko shambani kwao alivyokuwa akiua kuku bila tone. Aliwanyonga majogoo ili mama yetu asianguke. Na Harith naye alielewa, nilimwona.

Mama alikuwa amesimama mlangoni.

Sijui alikuwepo tangu lini. Niliuacha mchi nikamkimbilia kumfunika macho, maana damu ilikuwa kila mahali, kwenye unga, kwenye kanga yake mwenyewe kiunoni mwa Mirella. Akanisukuma pembeni. Hakuanguka. Alipita juu ya mchuzi, miguu mitupu, akamfikia Mirella, akachukua ncha ya mtandio wake akamfuta mdomo, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uji. Akaitazama ile damu kwenye mtandio. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Toka nyumbani kwangu, Harith."

Harith alikuwa ameushika mkono wake, jasho linamtoka. Alisema, Mama, unanifukuza mimi kwa ajili yake?

"Sikufukuzi kwa ajili yake," Mama alisema. "Mimi nnaijua sura hiyo ulokuja nayo humu. Walokuja kwa baba yako walikuwa nayo. Nimeikimbia bahari nzima. Sikukuzaa uje uniletee jikoni."

Hakupaza sauti. Harith alitoka.

Tulimwaga supu iliyobaki. Tulizika majogoo nyuma ya nyumba, mimi na Mama, kwa jembe. Mirella alitaka kusafisha sakafu, Mama akamkalisha, akapiga magoti akaisugua mwenyewe, damu na unga na mafuta, na hakuinua kichwa mpaka alipomaliza. Hapo akakaa chini pale pale, na sisi wawili tukamshika mikono, mmoja huku na mmoja huku.

Ilikuwa imebaki sinia moja ya tortelini isiyoguswa. Mama akasema ziwekwe kwenye maji ya chumvi, zitiwe samli, kwani leo ni sikukuu ya mtu. Tulikula watatu, mkekani. Mirella alikuwa anatafunia upande mmoja. Akatia kila sahani jibini kidogo, akakata ile keki nyeusi, akasema neno lao la kutakiana heri ya Krismasi, na hapo tu ndipo akalia. Kabla ya hapo hakutoa chozi, hata wakati wa mateke.

Magharibi ilipokaribia alikuja Ami Khalfan. Harith yuko kwake, mkono umefungwa hospitali, mfupa umekatika vizuri na utaunga. Anaomba radhi kwa Mama. Anaomba radhi kwangu pia, eti kwa kiwiko. Kesho asubuhi atakuja kumchukua mkewe. Mama akamuuliza Ami, na mkewe je, amemwomba nini? Ami akatazama fimbo yake. Mama akasema basi hajamaliza kuomba, na mlango wa nyumba hii anao Zuwena.

Zuwena ni mimi. Kwa hiyo kesho mlango ni wangu.

Nimemweleza Mirella kwa mikono na maneno machache. Ameniuliza kitu kimoja, kama mumewe akija na yeye hataki kwenda, nitasimama upande gani. Nimemwambia upande wake. Ameitikia kwa kichwa akaenda kulala na Mama, na mimi nimekaa hapa na kandili na mkono wangu mbaya.

Nilisema kweli. Hasira ninayo ya kutosha, na Harith akija na ubishi sina shida naye, nitamjibu. Lakini nilimbeba mgongoni mtoto yule. Najua atakavyokuja. Atakuja mkono umening'inia shingoni, macho yamevimba, hajanyoa, atasema Da Zuwena, nifungulie, na nitaisikia ile sauti yake ya utoto.

Ee Mola, kesho niondolee huruma.