Foto ya Wauza Samaki wa Nyangwe

Albertville, Jumapili baada ya misa

Kwa Yaya Anjelina, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, kama marehemu mama alivyotufundisha. Umeamkaje huko Kasongo? Goti lako limekubali kazi ya shamba, au bado linakusumbua kama nilivyoliacha? Na mpunga, ndege wamewabakishia kitu? Mimi mzima. Upepo wa ziwa ulinibana kifua, nikakohoa wiki mbili, lakini sasa napumua vizuri na karani mkuu wa ofisi yetu ameacha kuniangalia kama maiti.

Yaya, barua yako niliipata. Uliniuliza, tena kwa ukali: "Alfonsi, kwa nini ulinituma Nyangwe kumtafuta mwanamke nisiyemjua, na foto mkononi kama polisi?" Ulikuwa na haki ya kuuliza. Sikukueleza mapema kwa sababu habari yenyewe haikuwa yangu. Sasa mwenyewe ameniruhusu, basi kaa kitako nikusimulie.

Tuko watu watatu hapa tunaopenda kupiga foto. Si kazi yetu, ni ugonjwa wetu. Mimi nina aparei yangu ya kupigia, ya sanduku, ile uliyoicheka ukisema inafanana na kopo la biskuti. Wa pili ni Salumu, muuguzi wa hospitali, mtu wa kwetu Kasongo, wa upande wa msikitini. Yeye ndiye anayetusafishia filimu, maana kazini kwake wanapiga picha za mifupa na dawa zake anazijua. Wa tatu ni Kabemba, fundi wa karakana ya reli, Mubangubangu wa Kabambare, mrefu, mpole, haongei mpaka aulizwe.

Kila Jumapili mchana tunakutana kwa Salumu. Mke wake anatuwekea chai, nasi tunamwaga foto zetu juu ya mkeka. Hapo hakuna huruma. "Wewe, mzee wa watu umemukata kichwa!" "Jua uliliweka mbele yako, ndiyo maana watu wote wamekuwa makaa." Halafu tunafundishana. Kabemba ndiye aliyenionyesha kufunga kamba chini ya aparei, nikanyage ncha yake na kuivuta mpaka ikaze, mikono isitetemeke. Salumu anatuambia tukaange mchele mkavu, tuutie kwenye kopo pamoja na filimu, unyonye unyevu wa ziwa. Siku moja Salumu huyo alilala kando ya reli ili alipate gari la moshi likija. Alirudi na uso mweusi wa masizi, na foto yenyewe ilikuwa moshi mtupu. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna arusi gani.

Basi, niliporudi kutoka likizo huko kwetu, nilileta foto nane. Nilipozitandaza mkekani, niliuona ua wetu, kinu cha mama kimeegemea ukuta, na wewe unapepeta mchele, jicho moja umelifumba kwa ajili ya pumba. Nikakumbuka adhana na kengele ya misheni zilivyokuwa zikikutana asubuhi juu ya mji, na mjomba alivyotupeleka Nyangwe kununua samaki wa moshi, wewe ukinibeba mgongoni nikichoka, na mimi nikijifanya nimechoka kabla ya kuchoka. Foto haina harufu, Yaya. Mawese yakichemka uani kwako, ndiyo ninayoyatafuta hapa kila nikipita mbele ya jikoni la mtu, na dagaa wa ziwa hili, hata wawe wengi namna gani, hawanifikishi mtoni Lualaba.

Foto ya saba ilikuwa ile ya wanawake wauza samaki kando ya mto, Nyangwe. Salumu akaisifu, akasema safari hii sikutetemeka. Kabemba aliichukua, akasogea nayo mlangoni penye mwanga. Akakaa nayo. Chai yake ikapoa.

"Kabemba, foto iko na kosa gani?" Salumu akamuuliza.

Aliomba kioo cha kukuzia, akainama tena.

"Huyu wa nyuma," akasema. "Anakata samaki na mukono wa kushoto."

"Watu wa mukono wa kushoto ni wengi," nikamwambia.

"Na mguu mumoja ameuegemeza kwa goti la mwingine. Alisimama hivyo tangu mutoto, mama alikuwa anamupiga kwa ajili yake. Ni Feza. Ni dada yangu."

Salumu na mimi tukatazamana. Kabemba alikuwa ametuambia zamani kwamba dada yake wa pekee alifia kwenye uzazi huko Lusangi. Alipopata habari ile alinyoa kichwa, akakaa matanga hapa hapa, peke yake.

Siku hiyo ndipo alipotueleza yote. Baba yao alipougua, Feza alimtumia ujumbe mara mbili aje Kabambare. Kabemba alikuwa mgeni kazini, akaogopa kuomba ruhusa, akasema atakwenda mwezi unaofuata. Mzee akafa. Akazikwa na Feza na majirani. Kabemba alipofika, dada yake alimwambia akiwa bado mlangoni: "Mimi sina kaka. Kaka yangu nilimuzika pamoja na baba." Halafu Feza akahama bila kuaga mtu, na baadaye zikaja, kwa midomo ya wasafiri tu, hizo habari za kifo.

"Nililia," Kabemba akatuambia. "Lakini ndani nilipumua kidogo. Niliona sasa hakuna tena mutu wa kuniuliza. Hiyo ndiyo haya yangu."

Ndiyo sababu nilikutumia ile foto, Yaya. Nawe ukaenda na goti lako bovu, ukamkuta. Barua yako nilimsomea Kabemba nyumbani kwa Salumu. Nilipofika pale ulipoandika kwamba Feza aliitazama foto, akaifuta magamba ya samaki, akaitia kifuani na kusema, "Mwambie aje anione na macho yake, si kwa karatasi," Kabemba akaniomba nisome tena. Nikasoma. Akaomba tena. Mara ya nne aliinuka, akatoka nje, akasimama ametupa mgongo, mabega yanacheza. Mke wa Salumu alitaka kumfuata, mumewe akamzuia.

Kesho yake alikwenda kumwomba ruhusa muzungu wa karakana. Akakataliwa, kazi ni nyingi. Kabemba, mtu asiyeongea, akabaki amesimama mbele ya ofisi mpaka kengele ya saa sita, kisha akamwambia: "Bwana, mara ya kwanza niliogopa kukuomba, na baba yangu akazikwa. Leo siogopi." Akaandikiwa wiki tatu na karatasi ya safari. Salumu alitaka achukue aparei, tupate foto ya ndugu wawili pamoja. Alikataa. Alisema siku hiyo hataki kuwa na kitu mikononi.

Nisalimie shemeji Leonardi, mume wako, na randa yake isiyopumzika. Nisalimie mjomba wetu wa Nyangwe, mwambie bado nakumbuka alivyotufundisha kuchagua samaki kwa kuwabonyeza. Shangazi Yustina mwenye wivu na kuku wake, msalimie pia, na binti yako anayejifunza kushona kwa masista.

Yaya, barua hii sikuitia posta. Mtu aliyekukabidhi mkononi ndiye Kabemba. Mpe maji ya kunawa, mpe wali na mboga ya sombe, na usimwulize neno mpaka ale. Mkipumzika, mwende naye Nyangwe. Najua njiani ataanza kusema afadhali mrudi, mwende siku nyingine. Usimsikilize. Mshike mkono na mwendelee kutembea.

Mimi mdogo wako, niliye mbali kwa miguu tu,

Alfonsi